Kadi Haina Mdomo

"Kabla hujagusa kitu, sema mkono wako unafika wapi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia, na ndiyo aliyomwambia kila mtu aliyesogea upande wa ndani wa kaunta katika duka lake la redio na betri mjini Migori. Hakusema karibu. Hakuniuliza jina. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimejifundisha kompyuta kwa vitabu vya fotokopi ambavyo kurasa zake nyingine zilirukwa. Nikamjibu kwamba najua kuandika programu.

"Hapo umeniambia mwanzo," alisema. "Mimi nataka mwisho. Unaishia wapi?"

Nikakiri kwamba sijawahi kufungua kompyuta kwa mkono wangu. Akanipa bisibisi.

Sote tulimwita Mwalimu. Wengine walisema aliwahi kufundisha umeme chuoni, wengine kwamba alifanya kazi melini. Yeye mwenyewe hakuthibitisha wala kukanusha. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kirefu na cha taratibu, na sisi tuliokua na Dholuo tulikisikiliza kama watu wanaosikiliza redio ya nchi nyingine. Nilifanya kazi naye miaka kadhaa. Naandika habari zake sasa kwa sababu kuna jambo nililolijua mwishoni kabisa, linahusu mifuko miwili ya damu, na mpaka leo linaniamsha.

Alikuwa mtu wa kubandika maandishi. Kila kitu dukani kilikuwa na karatasi inayosema uwezo wake na mwisho wake. Kwenye feni: NAMBA TATU IMEKUFA. Kwenye kiti cha wateja: MGUU MMOJA MFUPI. Kwenye chupa ya chai: HAINA SUKARI. Siku moja mteja mmoja, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, alileta redio na kusema inatumia umeme wa kawaida.

"Kawaida ni nani?" Mwalimu akamuuliza. "Anaishi wapi nikamwulize?"

"Ai, Mwalimu, wewe nawe! Umeme wa ukuta."

"Ukuta wa kwako au wa jirani? Nyuma pameandikwa. Soma."

Yule mtu akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Jothurwa, watu wa kwetu, nimeleta redio ama nimekuja kufanya mtihani?" Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alisubiri mpaka yule mtu akageuza redio, akasoma volti kwa sauti, ndipo akaipokea.

Huko kusomewa kulikuwa desturi yake nyingine. "Soma kwa sauti," alikuwa akiniambia kila mara, hata kitu kikiwa mbele ya pua yake. "Macho huruka maneno. Mdomo haurukiruki." Nilidhani ni mbinu ya kufundishia, na ilinifaa. Mimi ni mtu wa kurudi kuangalia kufuli mara tatu. Nikiandika mistari kumi ya programu naisoma mpaka naichukia, halafu nalala nikiwaza kwamba kuna alama nimeiacha. Mwalimu ndiye aliyekuwa dawa yangu. Nikimaliza kazi aliinama juu yake, uso ukikaribia kuigusa, akakaa hapo muda, kisha akasema, "Nimeona. Ni sawa." Baada ya maneno hayo mabega yangu yalishuka. Niliweza kula.

Kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya redio. Ilikuwa ya kuandika draiva, yaani zile programu ndogo zinazoiunganisha kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta na mfumo unaoiendesha. Wakati huo tulikuwa na mfumo uliotufikia kwenye CD iliyopita mikononi mwa watu wengi, na kadi nyingi za zamani hazikuwa na draiva ya mfumo huo. Mwalimu aliziandika mwenyewe. Baadaye tuliziandika pamoja, yeye akisema, mimi nikichapa.

Alinieleza hivi. Kadi nzuri haisubiri kulishwa kwa kijiko. Inaandika vipimo vyake moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na mfumo unavikuta huko. Lakini kila kadi ina mwisho wa kufika. Kadi nyingi tulizokuwa nazo zilikuwa na biti ishirini na nne tu za kuandikia anwani, kwa hiyo hazikuweza kuvuka megabaiti kumi na sita za kwanza.

"Mfikirie karani," alisema, "ambaye kisanduku chake cha namba ya nyumba kina nafasi mbili. Mpe mzigo wa nyumba ya 120. Atafanyaje?"

"Atakataa."

"Wapi! Ataandika 20. Mzigo utashushwa nyumba ya 20, juu ya vitu vya watu, wala hatapiga hodi. Na wewe utakaa nyumba ya 120 ukisubiri." Akagonga meza. "Kadi haina mdomo, binti. Anayeandika draiva ndiye mdomo wake. Uambie mfumo mapema na waziwazi: huyu anafika hapa, mtafutieni nafasi ndani ya hapa. Na mfumo ukisema nafasi hakuna, draiva ikatae kazi. Isinyamaze ikitumaini."

Niliwahi kuuacha mstari huo katika draiva ya kadi ya sauti. Akanirudisha mwanzo. Nilijitetea kwamba kompyuta zote tulizozijua hapa Migori na kule Homa Bay zilikuwa na megabaiti nane tu, kwa hiyo kadi isingepata mahali pa kupotelea.

"Leo," alisema. Neno hilo moja tu, kisha akarudi kwenye kahawa yake ya tangawizi.

Lakini mtu huyo aliyetaka kila kitu kitangaze mwisho wake hakuutangaza wa kwake. Alipougua malaria alifungua duka akakaa akitetemeka, akasema ni baridi. Aliniahidi saa mbili akaja saa nne, bila neno. Kwenye droo yake kulikuwa na miwani nzuri ya kusomea ambayo sikumwona akiivaa hata mara moja. Nilipomwuliza alisema miwani ni ya watu wa benki.

Sasa niseme habari ya damu.

Tulikuwa tumelala Homa Bay kwa rafiki yake wa msikitini, mwenye duka la vitambaa, kwa sababu tulikuwa tunabadilisha betri katika hospitali ndogo ya misheni nje ya mji. Hospitali hiyo ilikuwa na friji ya kuhifadhia damu. Miaka michache kabla, Mwalimu alikuwa ameweka kwenye kompyuta yao kadi ya kupima joto la friji hiyo, na draiva aliiandika peke yake, kabla mimi sijamjua. Kompyuta ilikaa kwenye betri za gari ili isizimike. Friji ilitegemea umeme wa ukutani na jenereta.

Tulipofika asubuhi, Sista aliyesimamia maabara alitupokea mlangoni. Alikuwa mtawa Mjaluo, mfupi, asiyependa maneno mengi.

"Umeme ulipotea usiku," alisema. "Jenereta ilikataa mpaka alfajiri. Mwalimu, kompyuta yako inasema nyuzi nne usiku mzima. Niiamini ama nisiiamini?"

"Kwani kuna nini?"

"Kuna mama amejifungua na damu haisimami. Mifuko inayomfaa ni miwili, yote ilikuwa humo. Ikiwa imepita nyuzi kumi siwezi kumtilia, nitamuua. Nikiimwaga bure, pia nitamuua."

"Na Kisumu?"

"Nimeshapiga simu. Gari likifika, litamkuta mama ameshaenda."

Kipimajoto cha kioo ndani ya friji kilisema nyuzi nne, lakini jenereta ilikuwa ikinguruma tangu alfajiri, kwa hiyo kilisema habari za sasa tu. Nikatazama kompyuta. Nne nukta moja. Nne nukta moja. Orodha ndefu, na yote ni nne nukta moja.

"Mwalimu," nikasema, "haijatikisika hata kidogo. Friji imezimika usiku, na namba imetulia?"

Mwalimu akamwuliza Sista kama kuna mtu aliyeifungua mashine.

"Wageni wetu walituletea kumbukumbu ya kuongeza, fundi akaiweka. Ilikuwa nane, sasa ni thelathini na mbili. Tangu siku hiyo barua zangu zinaota herufi za ajabu katikati. Nikakuambia. Ukasema ni vumbi."

Mwalimu akaketi. "Fungua draiva," akaniambia. "Soma."

Nilisoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini, nikiutafuta ule mstari. Nikasoma tena. Sauti yangu ilikuwa imepanda.

"Haupo," nikasema. "Hukusema inafika wapi."

"Ilikuwa nane," alisema polepole. "Wakati ule ilikuwa nane."

Neno lake lile la "leo" lilinijia mdomoni, nikalimeza.

Mfumo ulikuwa umeipa draiva nafasi juu huko, kwenye kumbukumbu mpya, na kadi haikuweza kufika. Na zile nne nukta moja? Mwalimu hakupenda skrini ianze na sifuri, kwa hiyo aliifanya draiva ichukue kipimo kimoja inapowashwa na kuijaza nafasi nzima kwa namba hiyo, ipendeze. Tulichokuwa tunakitazama ni kipimo cha siku mashine ilipowashwa.

"Kwa hiyo inadanganya," Sista alisema.

"Inadanganya. Na mimi ndiye niliyeifundisha."

"Basi niimwage?"

"Ngoja." Aliinua kidole. "Vipimo havikupotea. Kadi imeandika usiku kucha, ila imeandikia nyumba isiyo yake. Na nyumba hiyo tunaijua, kwa sababu tunajua mkono wa kadi unaishia wapi. Binti, nisomee anwani ya nafasi tuliyopewa."

"Moja, A, nne, kisha sifuri nne." Anwani hizo huandikwa kwa tarakimu na herufi, na kisanduku cha kadi kilikuwa na nafasi sita tu.

"Futa ile moja ya mbele. Hiyo ndiyo haimo kwenye kisanduku chake. Kachungulie hapo."

Nikaandika amri ya kuchungulia kumbukumbu kwa anwani, nikakosea, nikafuta, nikaandika tena. Namba zikajaa kwenye kioo. Arobaini na moja. Arobaini. Arobaini na mbili. Kadi ilikuwa inahesabu kwa sehemu za kumi za nyuzi, kwa hiyo arobaini na moja ni nne nukta moja. Lakini namba zinaweza kuwa za kitu kingine chochote.

"Sista," Mwalimu akasema, "kitoe humo frijini kile kichwa cha waya kinachopima joto, kishike kiganjani."

Sista akakikamata kama anayekamata kifaranga. Nikachungulia tena. Sitini. Tisini. Mia na ishirini. Juu ya kioo hichohicho, ile orodha ya hospitali bado ilisema nne nukta moja, imetulia tuli.

"Zinapanda!" nilipiga kelele.

"Basi ni zenyewe. Kirudishe. Sasa, binti, kadi inaandika kwa kuzunguka, ikifika mwisho inaanza tena, na mzunguko unabeba zaidi ya siku nzima. Usiku wote umo humo. Ukiacha hizi za kiganja, tafuta namba ya juu kabisa. Nataka kujua kama kuna hata moja iliyopita mia."

Kioo kilikuwa cha zamani, herufi za rangi ya chungwa zilizofifia, tatu na nane zilifanana kama ndugu, na moja ikiwa mbele ya namba ilionekana kama mkwaruzo tu. Nikasoma kwa sauti. Hamsini. Sitini na mbili. Sabini na tano. Themanini na tatu, themanini na tatu, themanini na mbili. Kisha zikaanza kushuka, jenereta ilipokubali. Nikarudi mwanzo nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu. Muuguzi alikuja mlangoni akasema, "Sista, yule mama ameanza kuongea ovyo."

"Mwalimu!" Sista alisema.

"Themanini na tatu," nikasema. "Nadhani. Mwalimu, tafadhali, angalia mwenyewe. Mimi sijiamini."

Akasogea. Akainama mpaka mwanga wa chungwa ukamjaa usoni. Alikaa hapo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, kichwa kikienda kushoto na kulia kama cha mtu anayefuata mistari.

"Nimeona," alisema. "Ni sawa. Juu kabisa ni nane nukta tatu. Mpe."

Sista aliichukua mifuko akakimbia, viatu vyake vikigonga korido. Mabega yangu yakashuka.

Mama yule alipona. Mtoto alipewa jina la Sista. Mchana huo Mwalimu aliniamuru niuandike ule mstari kwenye draiva yake: biti ishirini na nne, na nafasi isipopatikana, ikatae. Kisha akaniambia nifute sehemu ile ya kupendezesha skrini. Sista alipopita akauliza, "Na lile vumbi?"

"Lilikuwa kichwani mwangu," Mwalimu alimjibu.

Baada ya hapo nilipata kazi Kisumu. Nilirudi Migori siku moja kumwonyesha draiva niliyoiandika peke yangu, ya kwanza ambayo ingetumiwa na watu nisiowajua. Nilikuwa nimeichapisha. Nilikuwa nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nilichokitaka ni yale maneno yake mawili tu.

Duka lilinishtua. Maandishi yalikuwa yamebandikwa kombo, mengine yamepinduka, juu chini. Mwanamke mmoja mwenye kibanda cha kinyozi alikuwa anagomba kauntani. "Mwalimu, umeniambia volti tisa, nimeweka tisa, mashine ya kunyoa imetoa moshi! Hapa ni sita! Angalia!" Mwalimu alimwomba radhi, akampa mashine yake mwenyewe ya akiba, akamsindikiza mpaka mlangoni. Alitembea akigusa kaunta.

"Binti wa Kisumu," alisema aliponisikia. "Leta."

Nikampa karatasi. Akaiweka mezani, akainama, uso karibu kuigusa. Kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia, taratibu. Nikasubiri kama kawaida yangu, pumzi nimezishika.

"Nimeona," alisema. "Ni sawa."

Nikatazama karatasi. Kwa wasiwasi wangu nilikuwa nimempa upande usio na kitu.

"Mwalimu," nikasema, "hiyo ni nyeupe."

Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli.

"Igeuze basi," alisema.

"Siku ya damu." Sikuigeuza karatasi. "Uliona?"

"Niliona mwanga. Rangi ya chungwa."

"Namba je?"

"Nilikusikia ukisoma. Mara tatu, na mara zote tatu hukubadilisha hata moja."

"Uliniambia umeona! Ulimwambia Sista!"

"Ningesema sioni, ungeganda. Nakujua. Ungesoma mara ya nne na ya tano, na mama yule angekwisha tukisikiliza."

"Sista aliamini kwamba watu wawili wameziona zile namba."

"Ndiyo." Alikunja viganja vyake mezani. "Alikuwa na mmoja."

Nilitaka kutoka. Nilifika hadi mlangoni, nikasimama. Nilikuwa nikiwaza zile tarakimu zilizofifia kwenye kile kioo, na mama ambaye sikuwahi hata kumwona uso. Nilikuwa nikiwaza kazi zangu zote ambazo nilizilalia usingizi kwa sababu yeye alisema ameona, na hakuona. Mama alipona, nilijiambia. Lakini kupona kwake hakukunifanya nipumue.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Kabla hujaja. Daktari alisema macho yanaweza kupasuliwa. Nikamwambia nitarudi."

"Na miwani?"

"Haikusaidia kitu. Niliinunua ili niseme ninayo."

Nikarudi ndani. Yeye alikuwa ameshainama chini ya kaunta, akipapasa, akatoa kopo la rangi nyeusi na brashi iliyokauka ncha.

"Nyuma ya mlango kuna ubao," alisema. "Mimi nimekosa mdomo siku zote hizi. Andika: FUNDI HAONI MAANDISHI. MSOMEE KWA SAUTI. Tutaupachika nje, kila mtu auone kabla hajaingia."

Nikauweka ubao juu ya kaunta. Nikachovya brashi. "Herufi za ukubwa gani?"

"Kubwa kiasi cha mimi mwenyewe kuziona. Vinginevyo nitajuaje umeandika nini?"

Nikaandika F, ukubwa wa kiganja. Akainama. "Bado," alisema.

Nikaifuta kwa kitambaa, nikaandika kubwa zaidi. Akasogea, akapepesa macho. "Bado."

Mara ya tatu niliivuta brashi kutoka ukingo wa juu wa ubao mpaka ukingo wa chini, mistari minene, rangi ikichuruzika. Haikubaki nafasi ya herufi nyingine. Mwalimu alirudi nyuma kidogo, akasogea mbele, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Nimeona," alisema.

"Ni herufi gani?"

Akaifuata mistari kwa kichwa, toka juu mpaka chini. Sikumsaidia.

"F," alisema.

Tukafunga duka, tukaenda kutafuta ubao mkubwa zaidi.